«Retail», detai, rejareja: kila kukata kuna hesabu yake

(Mazungumzo yaliyotolewa Bunia mbele ya wanachama, kabla ya kura juu ya awamu ya pili ya msaada. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.)



Komite iliniomba niseme juu ya biashara ndogo. Munajua sababu. Kura iko karibu, na kwenye kura hiyo mutachagua kati ya njia mbili: kila mwanachama apewe kit yake ya biashara aende nayo, ao sehemu kubwa ya makuta iende kwenye depo moja ya chama, wanachama wawe wananunua pale kwa bei ya gro. Ningeweza kuleta karatasi za formasio kama kawaida, tukae saa tatu, tukunywe fanta, turudi nyumbani. Leo naomba nianze na neno moja tu. Ni neno la Kiingereza, na wengi wenu mumerudi nalo kutoka Uganda.

Wale waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018, wakafika Kyangwali, na wale waliopitia Mahagi ao Aru, wote mumeliona limeandikwa kwa rangi kwenye kuta za maduka: «Wholesale and Retail». La kwanza mulilielewa haraka. «Whole» ni kitu kizima, «sale» ni kuuzisha. Kuuzisha kizima, maana yake gro. Lakini «retail» ni nini? Wengi wanajibu: «Ni detai tu.» Jibu ni la kweli kuliko munavyofikiri. «Retail» ya Waingereza na «détail» ya Wafaransa ni maneno ya mama mumoja.

Neno la kisu

Tufuate njia ya neno hilo. Zamani sana, kwa Kilatini, kulikuwa neno «talea». Ni kijiti kilichokatwa, kama kile tunachokata kwa muti wa muhogo ili kupanda. Kutoka pale Wafaransa wakapata «tailler», yaani kukata. Mtu wa kukata nguo wakamwita «tailleur», fundi wetu wa kushona. Munajua fundi yeyote, mbele ya kushona anakata. Kukata kitu vipande-vipande wakasema «détailler». Kukata tena, kupunguza kwa kisu, wakasema «retailler». Waingereza, ambao kwa miaka mingi walitawaliwa na wakubwa wenye kusema Kifaransa, wakachukua hilo la pili, wakafanya «retail».

Kwa hiyo, tangu mwanzo, neno hilo si neno la nyumba ya biashara. Si neno la meza wala la kibanda. Ni neno la kisu. Mwenye kufanya «retail» ni mtu anayekata.

Na si ni vile tunavyoona sokoni? Mama wa sabuni ananunua muti mzima wa sabuni, anakata. Mama wa bikwembe anafungua pièce ya yadi 6, anakata mara tatu. Mama wa sukari hana kisu mukononi, lakini kopo lake ni kisu: kila mara analichovya kwenye gunia, amekata. Mama wa mafuta ya mawese anamimina kutoka bidon mupaka kwenye chupa ndogo, amekata. Hata kijana wa unité za simu anakata, ijapokuwa kitu chenyewe hakionekani kwa macho.

Kiswahili cha vitabu na cha redio kinasema «jumla na rejareja». Sisi hapa tunasema «gro na detai». Yote ni sawa. Lakini ninapenda hili la kisu kwa sababu linatuuliza swali ambalo maneno mengine hayaulizi: ukikata, kipi kinabaki kwenye kisu? Fundi wa nguo anajua kwamba chini ya meza kunabaki vitambaa. Fundi wa mbao anajua kwamba musumeno unakula mbao na kutupa unga. Je, muuzaji wa detai anajua kisu chake kinakula kiasi gani?

Gunia moja la sukari

Tufanye hesabu. Bei nitakazosema ni za mfano, si bei za soko la leo. Musiende kugombana na mtu sokoni juu yangu.

Tuseme mama ananunua gunia moja la sukari, kilo 50, kwa franka 150.000. Moto inalileta kwa 4.000. Gunia limemfikia kwa 154.000. Kopo lake ni la nusu kilo. Kichwani anasema: kilo 50 ni makopo 100, kila kopo 1.700, itafanya 170.000. Faida yangu ni 16.000. Anafurahi, na anaanza kuhesabu karo za watoto.

Sasa kisu kinaanza kula. Mteja anasema, «Mama, weka kilima kidogo.» Anaweka. Mtoto anapita, anachukua kidole kimoja. Mvua inapiga, sukari ya chini inalowa. Gunia lenyewe pengine halikuwa na kilo 50 kamili. Mwisho wa gunia, badala ya makopo 100 amepata 94. Mara 1.700, ni 159.800. Faida si 16.000 tena, ni 5.800.

Bado hatujahesabu deni. Jirani watano walichukua kopo moja-moja, wakasema, «Nitaleta siku ya mposho.» Siku ya mposho ikapita. Makopo matano ni 8.500. Toa 8.500 kwa 159.800, inabaki 151.300. Gunia lilimfikia kwa 154.000. Amepoteza 2.700, na ushuru wa soko bado hatujaugusa.

Mama huyo si mvivu, na si mwizi. Aliamka saa kumi na moja ya asubuhi kila siku. Gunia liliisha, na kila mtu aliona kwamba biashara inatembea, kwa sababu wateja walikuwa wengi. Njo maana watu wanasema «kuko mukosi», ao «jirani amemroga». Hakuna mukosi. Kuko makopo sita na madeni matano. Wazee wa pwani walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mama huyo ilipotea namna ile, bila habari.

Mwenye kukata si adui

Hapa niseme neno moja ambalo pengine halitapendeza wote. Katika vikao vyetu mara nyingi nasikia: «Wenye magazini wanatuibia. Kilo moja kwa gro ni bei hii, lakini wao wanatuuzisha kwa bei ile.» Ni kweli, anayenunua kidogo-kidogo analipa zaidi. Mtu anayenunua chupa ndogo ya mafuta kila siku, kwa mwezi amelipa kuliko yule aliyenunua bidon mara moja. Umaskini unaongeza bei. Si hapa Bunia tu, ni dunia nzima.

Lakini tuangalie kazi ya mwenye kukata. Kama hangekuwapo, wewe mwenye franka 1.000 ungekula nini leo? Yeye ameweka makuta yake kwa gunia zima, amebeba hatari ya mvua, ya panya, ya barabara, ya kukimbia vita na kuacha mali nyuma, ili wewe ununue kopo moja tu. Ile tofauti ya bei ni mushahara wa kazi hiyo. Tunaweza kubishana kama mushahara ni mukubwa sana, na ubishi huo ni muzuri. Lakini kubishana bei ni kitu kimoja, kuita mtu adui ni kitu kingine.

Nasema hivyo kwa sababu sisi ni watu wa Ituri. Tunajua kilichotokea hapa kati ya 1999 na 2003, na kile kilichoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017. Tunajua pia kwamba soko njo mahali ambapo Hema, Lendu, Bira, Alur, Nande na wengine wanakutana kila siku, hata siku ambazo hawakutani mahali pengine. Neno «retail» lina maana ya pili kwa Kiingereza: kusimulia habari tena, kipande kwa kipande, kwa huyu na kwa yule. Mtu anapokea habari nzima, anaikata, anaigawa mtaani. Uvumi pia unauzishwa kwa detai. «Wale wamefungia unga.» «Wale wanapandisha bei juu yetu.» Kila anayepitisha anaongeza kilima kidogo juu ya kopo. Wanachama, tuwe wakali na uvumi kama tunavyokuwa wakali na kipimo. Mbele ya kuupitisha, tuulize: umeupima wapi?

Maneno ya magazini yametoka wapi

Kwa sababu tuko kwenye maneno, tuone na mengine, kwa kuwa yanatufundisha kwamba biashara ya hapa imejengwa na watu wengi.

«Soko» na «duka» yametoka kwa Kiarabu, «suq» na «dukkan». Wahindi pia wanasema «dukan». Duka lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, baadaye pamoja na reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Alidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo, alifungua maduka kufuata njia hiyo mupaka ndani ya Uganda. Na leo bado mizigo mingi ya Bunia inapanda njia hiyo: Mombasa, Kampala, kisha mpaka.

«Magazini» tulipewa na Wabelgiji kwa Kifaransa, «magasin». Lakini Wafaransa nao hawakulizaa. Ni Kiarabu tena, «makhazin», yaani maghala, mahali pa kuweka akiba. Neno letu «hazina» ni ndugu yake wa damu. Kumbe magazini na hazina ni watoto wa nyumba moja. Mmoja alipitia Ulaya mbele ya kufika hapa, mwingine alipitia baharini.

Na Waingereza wana neno «grocer», muuzaji wa vyakula. Limetoka kwa «gros», gro yetu hii. Zamani London, «grocer» alikuwa mukubwa wa gro, mwenye kuuzisha pilipili na viungo kwa mizigo mizima. Leo «grocer» ni mtu wa kopo na sasheti. Neno lilibaki na jina la gro, kazi ikawa ya detai. Ni onyo kwetu: mtu anaweza kuitwa patron wa gro, na kila siku mali inakatika mukononi mwake bila yeye kuona.

Kupewa magazini si kujua kukata

Sasa niingie kwa jambo la kura.

Wazee mulio hapa munakumbuka tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazairwa. Ilikuja kuitwa zairianisation. Katika mikoa yote, magazini ya Wagiriki, ya Wareno, ya Wahindi na wengine yalipewa watu wapya, walioitwa «acquéreurs». Wengi wao waliuzisha kile kilichokuwa kwenye etajeri. Kilipokwisha, etajeri ikabaki tupu. Hawakujua mali inaagizwa wapi, nani anatoa mukopo wa miezi mitatu, franka ngapi zirudi kununua muzigo mupya na ngapi ziliwe. Wengine hawakujali kujua. Vitu vikakosekana, bei zikapanda, na mwaka 1976 serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe wa kwanza sehemu ya mali zao. Wengine hawakurudi tena.

Mwaka mmoja mbele, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa amefanya yake Uganda. Aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yao yalipewa wanajeshi na watu wa serikali. Sukari, chumvi na sabuni zikawa shida, na neno «magendo» likawa neno la kila nyumba.

Sisemi kwamba wageni wale walikuwa watakatifu. Wengi walijilipa vizuri sana, na Waafrika walikuwa wamefungiwa milango ya biashara kwa miaka mingi. Hasira ilikuwa na sababu yake. Ninachosema ni hiki: katika nchi mbili, kwa miaka miwili, watu walipewa mali bila kupewa hesabu ya kukata, na mali ikaisha.

Sasa tazameni kit tunazogawa sisi mashirika. Kwa ukubwa haifanani na magazini ya Mgiriki. Ni gunia la chumvi, kartoni ya sabuni, bidon ya mafuta, kikwembe. Lakini kwa umbo ni ileile: mtu anapewa mali siku moja, picha inapigwa, anaenda. Mtu aliyerudi amekuta nyumba imechomwa, shamba limekuwa pori, mtoto ana malaria. Ile kartoni ya sabuni si mutaji machoni pake, ni dawa na bugali. Ataila, na mimi siwezi kumlaumu. Ila tusiite ile «biashara».

Kijiti cha Waingereza na mfupa wa Ishango

Nirudi kwa «talea», kile kijiti. Kina mtoto mwingine kwa Kiingereza: «tally», yaani hesabu ya alama. Kwa karne nyingi, serikali ya Uingereza iliandika madeni kwenye vijiti. Walikata alama kwenye kijiti kufuatana na kiasi cha feza, kisha wakapasua kijiti kwa urefu, vipande viwili. Kipande kirefu alibaki nacho mwenye kutoa feza. Kile kifupi alibaki nacho mwenye deni. Siku ya kulipa, walivikutanisha. Alama zikikutana, hakuna maneno. Mmoja akiongeza alama kwake kwa siri, kipande cha mwenzake kitamkataa.

Kile kipande kirefu kiliitwa «stock». Ndiyo, neno lile munalolisema kila siku, «nina stoki». Vijiti hivyo viliachwa, na tarehe 16 Oktoba 1834 walipovichoma ndani ya majiko ya Bunge pale London, moto ukatoka nje ya majiko na kuunguza Bunge lenyewe. Historia ina mizaha yake.

Lakini tusifikiri kwamba kukata alama ni akili ya Ulaya. Pale Ishango, mahali ambapo Semliki inatoka Ziwa Edward mbele ya kuteremka kuelekea Ziwa Albert letu hili, Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, aligundua mwaka 1950 mfupa wenye alama nyingi zilizokatwa kwa mistari. Una miaka karibu 20.000. Leo uko Bruxelles, kwenye makumbusho. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana ya alama zile, lakini wengi wanaona ndani yake mtu aliyekuwa anahesabu kitu. Kwa hiyo mama wa Bunia akichora mistari kwenye ukuta kwa makala, juu ya madeni ya jirani, anafanya kitu cha zamani sana katika bonde hili.

Tofauti ni moja. Mistari ya ukuta iko kwake peke yake. Kijiti kilikuwa na vipande viwili. Na ugomvi mwingi wa madeni unaotufikia kwenye komite unatoka pale: «Yeye anasema elfu kumi, mimi ninajua elfu saba.» Kaye ni moja, mwenye kaye ni mmoja, na mwingine hana kitu mukononi. Kama wawili hao ni wa kabila moja, tunaita wazee, wanapatanishwa. Kama ni wa makabila mawili, deni la elfu tatu linaweza kukua, likabeba majina ya wafu.

Ninachopendekeza

Mimi ni mtumishi, si mwanachama. Sina kura. Lakini mumeniomba mawazo, nami ninayatoa wazi.

La kwanza ni kipimo. Kila muuzaji wa chama awe na kopo moja lililopimwa kwenye mizani ya chama, lenye alama ya chama. Mbele ya kufungua gunia, apime gunia. Likiisha, aandike makopo mangapi yalitoka. Ni namba mbili tu: makopo ya kichwani na makopo ya kweli. Tofauti yake ni chakula cha kisu. Akiijua, atajua bei gani inamlisha.

La pili ni kaye mbili. Kila deni liandikwe mara mbili, kwenye kaye ya muuzaji na kwenye kikaye kidogo cha mteja, siku ileile, na kila mmoja aweke alama yake. Asiyejua kusoma achore mistari, mustari mumoja kwa kila kopo. Mustari haudai cheti cha shule. Vikaye havitatuponyesha umaskini, ila vitatupunguzia maneno.

La tatu ni depo. Naomba tuchukue tena gunia lile la mfano. Tuseme depo inanunua magunia 20 kwa mara moja, na kwa wingi huo inapata gunia kwa 145.000, na gari moja inayaleta yote kwa 2.000 kila gunia. Gunia linamfikia mama kwa 147.000. Auze makopo yaleyale 94, apate 159.800 zilezile: anabaki na 12.800 badala ya 5.800. Hata wale jirani watano wasipolipa, bado anabaki na 4.300. Ni mama yuleyule, kopo lilelile, wateja walewale. Kilichobadilika ni kwamba hakusimama peke yake mbele ya mtu wa gro.

Nasikia woga wenu, na ni woga wa haki. «Nani atashika funguo?» Tumeona depo za vyama zilizokufa kwa sababu funguo zilikaa kwa mtu mmoja na kaye ikakaa kwa mtu huyohuyo. Lakini jibu munalo tayari. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Depo ifanye vilevile: kufuli tatu, watu watatu, wa familia tofauti na, ninaomba sana, wa jamii tofauti. Anayepokea mali asiwe yule anayeandika. Kila mwisho wa mwezi hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa franka. Tusisome kwa asilimia.

Na kit? Sisemi zife zote. Mtu aliyefika wiki hii na hana sufuria, mpeni, na muite kit hiyo jina lake la kweli: msaada wa kuanza kuishi. Biashara itakuja wakati tumbo limetulia.

Kwa marafiki wanaotusaidia

Nimalize upande wenu, munaotusoma kutoka mbali. Kila miezi mitatu munatuomba ripoti yenye «détails», na munafanya vizuri. Sasa munajua kwamba neno hilo ni lile la mama wa sokoni. Anakata sukari, sisi tunakata matumizi, mistari kwa mistari, ili muone.

Ila kwa kawaida ripoti inahesabu kit zilizotoka. Kit zilizogawiwa ni kama makopo 100 ya kichwani. Tuulizeni makopo ya kweli: baada ya miezi sita, ni wanachama wangapi bado wana mali ya kukata? Ni wangapi wamenunua gunia la pili kwa makuta ya gunia la kwanza? Namba itakuwa ndogo, na picha haitakuwa nzuri kama ile ya siku ya kugawa. Lakini ni namba ambayo juu yake mtu anaweza kujenga nyumba. Na mutupe mizani, kaye na mishahara ya mtu wa hesabu, ijapokuwa mizani haipendezi kwenye picha.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni nini? Ni kopo la wauzaji wa pwani, kipimo cha detai. Mara nyingi tunautumia musemo huo kwa kuweka tu. Mimi ninaomba tuukumbuke pia upande wa kutoa: haba na haba hukausha kibaba, kama hakuna anayehesabu.

Wanachama, siku ya kura musiangalie uso wa anayeongea vizuri, hata mimi. Ulizeni kila njia maswali matatu: nani anakata, kwa kipimo gani, na kipande cha pili cha kijiti kiko kwa nani? Njia itakayojibu yote matatu, hiyo muipe kura zenu.

 Kwa maswali, nitabaki hapa mupaka watu waishe.